Alama ya Mtoto Aliyechimba Viazi Mapema

Sipendi wiki za mwisho wa muhula. Watu hudhani mwalimu hufurahi likizo ikikaribia, lakini mimi huwa situlii: nalala vibaya, nafoka ovyo, chai inapoa mbele yangu. Ni wiki za kujaza alama. Kwa kila mtoto wa gredi ya nne lazima nichague moja: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini. Kisha napanda mteremko ulio nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee shuleni penye netiweki, nizitume alama hizo wizarani Nairobi pamoja na picha za kazi zao.

Hapa Dundori kila shamba lina viazi, na kiazi, au waru kama tunavyokiita, hakihitaji mwalimu. Hata hivyo nilitoa mradi wa viazi. Kila mtoto apande mbegu sita kwenye gunia nyumbani, avune wiki ya kumi na mbili, alete gunia, mavuno na fomu ya mradi.

Siku ilipofika, kijana mmoja alileta beseni limejaa viazi vyekundu na vyeupe, ingawa mbegu nilizogawa zilikuwa nyeupe tupu. Shamba la baba yake lilikuwa limemsaidia kidogo. Nikajitia hamnazo. Sisi walimu wa hapa tunajua, na wazazi wanajua kwamba tunajua. Nikapiga picha, nikaandika amezidi matarajio.

Halafu akaja msichana mkimya anayekaa karibu na dirisha. Gunia lake lilikuwa udongo mtupu. Mkononi alikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani yake viazi vichache vidogo mno.

"Waru yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Nilichimba, tichaa."

"Kabla ya wakati?"

"Ndiyo."

Wenzake wakacheka. Walikuwa wamebaki watoto thelathini, na mvua ilikuwa inateremka kutoka msituni. Nikampiga picha kando ya gunia lake, nikaandika chini ya matarajio, nikatuma siku hiyo hiyo.

Baada ya siku mbili nilikuwa nasahihisha madaftari. Nyuma kabisa ya daftari lake nikakuta michoro sita ya mizizi, kila mmoja na maandishi yake kwa penseli. Wiki ya tano: hakuna kitu. Wiki ya sita: imevimba kwa ncha. Wiki ya saba: kama ndengu. Iliendelea hivyo hadi wiki ya kumi. Alikuwa anang'oa mmea mmoja kila Ijumaa, mpaka ikaisha yote.

Nilimwita. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka kuona inaanzanga lini."

"Na mbona haukuniambia?"

"Haukuuliza, tichaa."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote niliyofundisha na kula viazi, mimi mwenyewe sikujua vinaanza lini. Fomu ilitaka kujua viazi vimejaa kiasi gani, na fomu hiyo niliiandika mimi, kwa hivyo siwezi kuisingizia wizara. Nilimpa alama ya chini mtoto pekee aliyejifunza kitu, na aliyebeba beseni la babake nikampongeza.

Nilienda kwa mwalimu mkuu nikamwomba tubadilishe. Hakunikatalia kwa ukali. Alicheka tu. "Mwalimu, hiyo ishaenda. Unataka tusumbue watu wa Nairobi juu ya waru?"

Nikarudi darasani nikamwambia msichana kwamba nilikosea, kwamba kazi yake ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini kwa ripoti imeandikwa chini," akasema. "Mum amesema niache kuchokora vitu." Nilimwambia aendelee kuchokora. Akaitikia "sawa," ile sawa ya mtoto anayengoja aruhusiwe kutoka. Likizo nzima nilihangaika. Alama naweza kumpa nyingine muhula ujao, ila hamu ya kujua ikizimika sijui huwashwa vipi.

Muhula uliofuata nilitoa mradi wa karoti, na safari hii niliongeza swali kwenye fomu: umegundua nini? Nililiweka kwa ajili yake, nikajiona mjanja. Wiki ya mwisho alikuja na karoti nene, zimeoshwa, zimefungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa zake, mashimo kwenye udongo wa gunia yalionyesha hivyo. Lakini mahali pa swali langu hakuandika kitu.

Nikachuchumaa karibu naye. "Ulichimba uone zinaanzanga lini?"

"Hapana, tichaa," akasema, huku akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Sikuangalia hata moja."

Akasimama wima kando ya gunia, akangoja picha.