Kipande Nilichosema Sijakichora

Ramani ile niliichora mara nne kabla sijakubali mtu aione. Penseli kwanza, kalamu nyeusi baadaye, na mto mmoja ukipinda vibaya naanza upya. Nikaifunika yote kwa vipande vya boksi la biskuti, nilivyokata kwa rula, na juu ya kila kipande nikaweka kokoto, maana upepo wa Same haupigi hodi.

Mchezo wenyewe nilijifunza kwenye simu, kwa video nilizokuwa nikizisimamisha kila dakika ili niandike. Mmoja anasimulia na kuficha ramani. Wengine ni wasafiri: wanarusha kete, na wakifika mahali ndipo kipande kinafunuliwa. Tunacheza Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha steshenari ninakofanya kazi. Tuko wanne: mimi, fundi simu wa mlango wa pili, msichana anayeuza dawa za mifugo, na mdogo wangu. Namwita mdogo wangu, lakini ni mtoto wa baba mdogo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, mama yake akashuka naye huku mjini, na tangu hapo hajaishi milimani.

Sina kipaji cha kubuni. Hilo sikuwaambia. Ninachoweza ni kunakili, kwa hiyo milima yote ya mchezo wangu ni shamba la babu kule Msangeni, nililolipima kwa hatua likizo baada ya likizo. Migomba niliigeuza msitu, nyumba ya bibi ngome. Nilidhani hakuna atakayelitambua.

Jumamosi moja mdogo wangu alipata sita. "Nashuka chini ya ngome," akasema. Nikafunua.

Akainama.

"Dada, hili jiwe lina shimo katikati, kama bakuli?"

"Lina."

"Baba alikuwa akinolea panga hapa. Mimi namwagia maji."

"We kijana, unacheza au unaota?" fundi simu akamwuliza. "Kete zinapoa."

"Tulia wewe. Hapa ni kwetu." Akaweka kidole juu ya kipande kinachofuata. "Basi nakwenda mpakani. Funua, dada, nipaone kabla ya Jumapili."

Jumapili ya wiki iliyofuata ukoo ulikuwa ukae kumkabidhi sehemu ya marehemu baba yake. Ana miaka ishirini na miwili, anataka kujenga. Mpaka wenyewe hakuujua. Alitegemea kuonyeshwa.

Chini ya boksi lile kulikuwa na mistari miwili.

Miezi michache baada ya mazishi ya baba mdogo, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alinichukua shambani na mzigo wa masale, ule mmea tunaoweka mipakani na ambao mtu mwenye akili zake hang'oi. "Wewe una jicho la mstari," aliniambia. Nikashika kamba. Masale ya zamani yalifuata mkunjo wa mfereji. Yetu tuliyapanda hatua kumi na nane ndani ya upande wa marehemu, yamenyooka kama rula. Baba alirudi nyuma, akatazama, akanisifu. Hakuwa amewahi kunisifu. Nilifurahi siku nzima, na niliyajua tuliyoyafanya.

Yale ya zamani tuliyakata, lakini visiki vyake huchipua kila mvua, na baba huvikata. Kwenye ramani niliviweka, vidoti saba. Bila hivyo isingekuwa sahihi.

Nikaibana ile kokoto kwa kiganja.

"Hicho bado sijakichora," nikasema. "Nilikifuta. Hakikunyooka."

Wakaangua kicheko.

"Nilijua tu!" akasema msichana wa dawa. "Huyu siku akiolewa atamwambia mchungaji arudie kiapo, hakikunyooka!"

Mdogo wangu naye akacheka, akaondoa kidole.

Kikaoni wazee walitaka mchoro wa kuambatanisha na muhtasari. "Huyu ndiye mwenye mkono," baba akasema, akanisogezea karatasi. Nikachora nyumba, jiwe, mfereji, na mstari mmoja.

Mzee mmoja akauliza, "Kwani mpaka haukuwa ukifuata mfereji?"

"Mfereji ulihama na mvua," baba akajibu.

Yule mzee akanitazama mimi, si baba. Nikaendelea kuandika majina ya majirani pembeni, kwa herufi kubwa, zote kimo kimoja. Ni mchoro pekee niliowahi kuumaliza bila kufuta.

Mdogo wangu alitia sahihi, kisha akamwendea baba, akainama kidogo. "Shikamoo, baba mkubwa. Asante kwa kunitunzia."

"Marahaba, mwanangu."

Tukaenda kuuona mpaka. Aliutembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akigusa masale moja moja. "Umenyooka kweli," akaniambia.

Bado anakuja kila Jumamosi. Matofali ya kwanza ameshayapandisha, na nafasi imembana, anasema. Jiko litabidi likae nyuma. Hukaa upande uleule wa meza.

"Dada, kile kipande umeshakimaliza?"

"Bado."

Kipande chenyewe nimekibandika kwa gundi, kokoto haihitajiki tena. Nayo gundi haihitajiki. Nilimfundisha mwenyewe sheria za mchezo, na yeye huzifuata: hagusi mahali ambapo hapajafunuliwa.