Anayesimama Nyuma ya Hansa

Mwaka ule wa msako wa walanguzi, duka la vitambaa la Jayanti lilitiwa kufuli, na Jayanti mwenyewe akachukuliwa akiwa na kandambili miguuni. Aliporudi hakuwa tena mtu wa maneno. Alishinda akitembea ukumbini, kwenda na kurudi, hadi siku alipoanguka akafa.

Mkewe, Hansa, akabaki peke yake katika nyumba ile ya Tanga mjini. Watoto walikwisha kuhamia Uingereza. Tangu angali mdogo, baba yake alimfundisha kukaa kimya kila alfajiri na kujiuliza, "Mimi ni nani?" Ndiyo elimu ya Advaita, maana yake kisicho na pili: uhai ulio ndani yako ndio huohuo ulio ndani ya jirani yako. Hansa aliiamini. Lakini sasa kila alipofumba macho alisikia kandambili ukumbini, zikija taratibu mpaka nyuma yake, kisha kimya. Hakugeuka hata mara moja. Wala hakumwambia mtu.

Jirani yake Mwanamkasi, mwanamke wa Kidigo, alimwona anavyokonda.

"Bi Hansa, nyumba hii ina nini?"

"Ina mimi tu."

"Haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwenzangu."

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa mitumba na sabuni za kunukia, na maradhi nayo yakaja, yale ambayo watu waliogopa kuyataja jina. Siku moja Mwanamkasi akaleta habari kwamba kule Mabawa binti wa mkata mkonge mmoja, Consolata, amefungiwa chumba cha uani, na ndugu zake humsukumia sahani kwa ufagio.

Alfajiri iliyofuata, Hansa hakuweza kukaa. Kama hakuna wa pili, ni nani basi aliyelala kule uani? Akachukua sabuni na kanga kuukuu, akaenda.

Akamwinua kitandani. Consolata alikuwa mwepesi kama kumbi la nazi.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesahau kusalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Akamwogesha, akamnywesha uji. Kesho yake akarudi, na kila siku baada ya hapo. Akimsugua mgongo, alijaribu kuuona kuwa ni mgongo wake mwenyewe. Siku nyingine aliweza. Siku nyingine aliona vidonda tu.

Mchana mmoja Consolata akatazama juu ya bega la Hansa.

"Mama, mbona yule baba huwa hakai?"

"Baba gani?"

"Huyo unayekuja naye. Mhindi, mrefu, ana kandambili. Husimama nyuma yako. Amechoka, mama."

Mwili ulimsisimka Hansa mpaka utosini. Amegusa vidonda vya mtoto wa watu akisema hakuna wa pili, na mumewe mwenyewe amempa mgongo miaka yote! Akavuta kigoda, akakiweka kando ya kitanda. Kisha akageuka. Hakuona mtu.

"Keti, Jayanti," alisema kwa Kigujarati.

Consolata akatabasamu. "Amekaa."

Mwezi haukwisha, Consolata akafa. Hansa ndiye aliyemwosha na kumvika gauni, ndugu wakichungulia mlangoni. Kandambili hazikusikika tena. Lakini alfajiri, katika kimya chake, Hansa alianza kusikia pumzi za msichana, nzito, zikikatika na kurudi. Aliogopa kama zamani. Ila sasa aligeuka, akaitika, "Abee, mwanangu," akaendelea kukaa.

Baada ya arobaini, Mwanamkasi akaja tena; safari hii Hansa alikuwa amekwisha kumwambia yote.

"Kuna mwingine, Ngamiani. Mume na mke. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Na hao wanaokufuata?"

"Waje nao. Huoni kwamba hata wao hawana pa kwenda?"

Mwanamkasi akanong'ona bismillahi, akafunga kanga yake kiunoni, wakatoka wote wawili.