Fundi wa Kasongo na lori lililotetemeka tangu Maulidi

KASONGO. Saa moja asubuhi, nyasi bado zina umande, miguu miwili inachungulia chini ya lori lililobeba magunia ya mchele. Miguu hiyo ni ya Bulaimu Faradji, fundi wa magari mwenye miaka arobaini na sita. Kichwa chake hakionekani, lakini sauti inasikika barabara, kwa maana anazungumza na chuma.

“Zunguka, basi. Zunguka nikuone. Nani amekuchokoza weye?”

Anatoka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, anacheka, na anaomba radhi kwa kutoweza kutoa mkono. Mkono umejaa mafuta.

Madereva wa Kabambare, Wamaza na Lusangi wanamjua. Gari likianza kutetemeka na dawa isijulikane, huletwa kwake. Na yeye hashiki spana kwanza. Hupanda nyuma ya gari, akalala kifudifudi juu ya mbao, shavu chini, akamwambia dereva aende. Wapita njia humcheka. Wengine hudhani ni maiti inasafirishwa!

“Wacha wacheke,” anasema. “Sikio iko inasikia kelele tu. Lakini tumbo inasikia mahali kelele inatoka.”

Bulaimu alizaliwa hapa Kasongo, katika nyumba ya Waislamu. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akibeba mawe ya barabara ya Kabambare. Baadaye akaosha malori ya wafanyabiashara, akawa anakodoa macho kila boneti lilipofunguliwa. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Amefanya ufundi miaka ishirini na miwili bila kukaa darasani hata siku moja; Kurani anasoma, barua ya Kifaransa husomewa. Mshahara wake wa mwezi hautoshi kununua gurudumu moja la gari analolitengeneza, na mkewe Aziza analima muhogo ili chungu kisilale bure.

Ukiwauliza madereva kwa nini wanampenda, watakusimulia habari moja tu, ya lori la Antoine.

Antoine ni dereva kijana wa Wamaza, Mkristo, baba wa watoto wanne. Anaendesha lori la Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba na mchele, ambaye ndiye bwana wa Bulaimu pia. Mwaka huu lori hilo lilianza kutetemeka. Likisimama, kimya. Likitembea polepole, kimya. Antoine akikanyaga mafuta tu, lo! Usukani ulimrukia mikononi, milango ikapiga kelele, na abiria wakaanza kumtaja Mungu.

Mgiriki alikwisha kuamua mwenye kosa. “Umelibamiza kwenye mashimo,” alimwambia Antoine. “Jumamosi likiwa bado linatetemeka, unaacha usukani, na nitaandika sababu katika kitabu chako.”

Msomaji anakijua kitabu hicho cha kazi. Neno baya likiandikwa humo, linakutangulia Kindu, linakungoja Albertville. Dereva aliyeandikiwa kwamba anavunja magari hapati gari tena. Atarudi kushika jembe, na Antoine tangu utoto hakupenda kitu kingine ila usukani.

Alimwendea Bulaimu Jumatatu, kofia mkononi. “Baba Bulaimu, nisaidie. Mimi sikupiga shimo. Naapa.”

“Usiape, mudogo wangu. Lete kamyo.”

Lori likaletwa, na siku hiyo Bulaimu alihamisha magurudumu, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukabaki palepale. Jumanne akapapasa raba zinazoshikilia injini moja moja. Zilikuwa nzima.

Basi akaazima bakuli la Aziza, akalijaza maji, akaliweka kati ya miguu yake ndani ya gari, wakashika njia ya Kabambare. Antoine alipokanyaga mafuta, maji yakaruka mpaka kwenye magoti. Alipoinua mguu, maji yakatulia, ingawa gari lilikuwa bado linakimbia. Kwenye mlima, mambo yakazidi.

“Kama ni gurudumu, ingetetemeka hata ukiinua muguu,” Bulaimu alimweleza. “Hii inatetemeka wakati wa kuvuta tu. Mugonjwa ni kardani.”

Kardani ni kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno. Bulaimu alikishusha. Viungo vyake havikulegea hata kidogo. Akaitazama rangi nyeusi iliyokifunika, akakumbuka Maulidi.

Turudi nyuma kidogo. Kwa Maulidi, Mgiriki aliwaazima Waislamu wa Kasongo lori lile liwapeleke Nyangwe. Na Kasongo kitu hakiendi Maulidi kichafu, hata kiwe nini. Nguo zinafukizwa ubani, mikeka inaoshwa, watoto wanasuguliwa mpaka wanalia. Bulaimu akasema gari nalo litasafishwa, juu na chini. Akashusha kardani, akaisugua kwa majivu na mchanga. Grisi ilikuwa imekwisha, akaipaka mawese. Kisha akaipiga rangi nyeusi ing'ae.

“Nani atalala chini ya gari aone?” Aziza alimcheka.

“Mwenyewe najua,” akajibu.

Rangi hiyo ilifunika alama mbili alizokuwa amechonga kwa patasi, moja kwenye kila kipande, ili asikosee kuviunganisha. Dufu zilikwisha kuanza, wanawake wamekwisha kupanda na mikeka yao, wanamwita. Akaviunganisha kwa kukisia, akaenda kuoga.

Alikosea jino moja. Jino moja tu, na chuma kile hakikuzunguka sawasawa tena.

Ijumaa Bulaimu aliikwangua rangi, akaona alama hazitazamani, na baada ya sala akaenda mwenyewe kwa Mgiriki. Alimwambia kwamba Antoine hakuvunja kitu. “Kosa ni yangu, bwana. Mimi nilikosea kufunga.”

Mgiriki akaagiza kitabu cha Bulaimu kiletwe. Akaandika mstari mmoja humo, na cheo chake cha ukapita, yaani usimamizi wa karakana, akampa fundi mwingine. Jumamosi, kardani ikiwa imefungwa alama kwa alama, lori lilipanda mlima wa Kabambare likiwa na tani tatu za pamba, limetulia tuli, na Antoine yuko kwenye usukani.

Hiyo ndiyo habari inayosimuliwa na madereva. Wanaisimulia kwa fahari. Mtu wa makamo, mwenye jina lake mjini, kwenda kujishusha kwa ajili ya kijana wa watu asiye ndugu yake wala wa dini yake! Mwandishi naye aliiandika hivyo hivyo, akashukuru, akafunga daftari.

“Ngoja,” Bulaimu akasema. “Usifunge.”

Akakaa juu ya gurudumu kuukuu. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, ingawa ilikwisha kutakata.

“Ile rangi sikuikwangua Ijumaa. Niliikwangua Jumatano, saa saba ya muchana. Nikaona alama. Nikarudisha chuma vilevile, na kosa yake ndani, nikanyamaza.”

Kwa nini?

“Si kwamba niliogopa bwana. Niliogopa watu waseme Bulaimu amekosea. Miaka ishirini na mbili hawajalisema.”

Siku mbili zile, Antoine alikuwa amekwisha kukata tamaa. Alimpeleka mkewe Cécilia na watoto Wamaza, na mizigo yao, kuanza kufyeka shamba. Alhamisi jioni akaja kwa Bulaimu na kuku aliyekwisha kuchinjwa.

“Alimuchinjisha kwa Yakubu, Muislamu mwenzangu, ili mimi nipate kula. Akaniambia, ‘Baba, hata ukishindwa, ulipigana kwa ajili yangu. Sitasahau.’ Aziza akamupika. Nikakula.”

Fundi huyu hodari anatazama chini, na machozi yanamtoka bila kificho.

Je, amemwambia Antoine?

“Kila juma anapita hapa. Anapiga honi, anaita, ‘Baba!’ Watoto wake wamerudi, mumoja amepewa jina langu la kazi, wanamwita Fundi. Nafungua kinywa, neno linakataa kutoka.”

Mipango yake sasa ni midogo. Hadai ukapita wake. Jumapili ijayo ataazima baiskeli, aende Wamaza mpaka mlangoni kwa Antoine, akae palepale, asikie lolote atakaloambiwa. Anataka amkute amekwisha kujua. Antoine alisoma kwa mapadri, na gazeti hili hulisoma kwa sauti mbele ya madereva wenzake sokoni.

“Kwa hiyo andika, ndugu yangu,” anasema. “Andika Jumatano. Usiniandikie Ijumaa.”

Akainama kurudi chini ya lori, kisha akasita, akatoa tena kichwa.

“Na kuku, umuandike. Andika kwamba nilimukula.”