Maji Ambayo Jua Halikuyanywa

Mimi sikusoma mbali. Nilitolewa shule nikaolewa, na chai nimechuma mpaka vidole vikabaki vyeusi. Lakini ziwa lililokuwa chini ya shamba letu nalijua kuliko aliyelimaliza, na aliyelimaliza ni kijana wangu mwenyewe.

Lilikuwa dogo. Ukirusha jiwe kwa nguvu linafika ng'ambo. Ng'ombe wetu na wa majirani walinywa hapo. Hata ule mwaka wa njaa tulikula mahindi ya njano ya msaada, maji hayo hayakwisha.

Mume wangu alipokufa, kijana akapanda mikaratusi kuzunguka ziwa lote, kwa sababu viwanda vya chai huchoma kuni na karatusi hukua haraka. Nilimwambia asipande hapo. Akasema, "Mama, wewe chuma chai." Kwetu mwanamke hakati mti uliopandwa na mwanaume, kwa hivyo nikachuma chai. Miti ikapanda, maji yakashuka, mwishowe pakabaki matope. Nikilalamika, ananiambia, "Ni mabadiliko ya tabianchi, Mama. Dunia nzima inakauka." Neno hilo alilisikia kwa redio, na lilimfaa sana.

Msichana wake, mjukuu wangu, yuko chuo kikuu, anasomea maziwa. Alikuja na wenzake, wakatandika mbao juu ya matope na kudidimiza bomba refu. Jirani yangu akasimama kwa ua.

"Mmepata dhahabu?"

"Tunatafuta matope, mama."

"Matope! Si mngekuja kwangu, yako mpaka jikoni!"

Mjukuu hakujali. Alinionyesha vitu vidogo kuliko mbegu za wimbi: magamba ya wadudu wa majini waliokufa zamani. Akanieleza, na mimi nilisikiliza. Ndani ya maji kuna oksijeni nyepesi na nzito. Jua likichoma ziwa, nyepesi hutangulia kupaa, nzito inabaki, kama supu ukiichemsha sana chumvi inazidi. Mdudu hujenga gamba lake kwa maji hayo hayo. Kwa hivyo gamba la wakati wa kiangazi lina nzito zaidi, na mashine ya chuo inaona.

"Kogo, hawa wanakumbuka mvua ya kabla ya babu wa babu yako," akasema. Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

"Basi waulize maji yangu yalienda wapi."

Sikuwa nafanya mzaha, na yeye alijua. Alirudi na majibu baada ya mavuno, tukakaa mezani kwangu, na baba yake akiwepo.

"Chini kabisa, kwenye matope ya zamani, kuna kiangazi kibaya, Kogo, kuliko chochote umewahi kuona. Lakini ziwa halikukauka."

"Na huku juu?"

"Huku juu magamba yanaisha tu. Na ya mwisho si mazito. Kama ni jua lilikunywa maji, yangekuwa mazito, kwa sababu jua huchagua, linaanza na nyepesi. Mizizi haichagui. Inanyonya yote."

Kijana wangu akaweka kikombe chini. "Sema wazi."

"Ni miti, Baba."

"Hiyo miti ndiyo ilikusomesha."

Msichana akainamisha kichwa. Ikabidi niseme mimi.

"Basi imemaliza kazi yake. Ikate."

Aliikata, ndiyo. Si kwa ajili yangu, ilikuwa imekomaa. Lori likaipeleka kiwandani, na majani niliyochuma yakakaushwa kwa moto wa miti iliyokunywa ziwa langu. Niliteremka kila asubuhi kuangalia kama matope yanalowa. Mvua ya kwanza iliponyesha, visiki vikachipuka. Nikamkuta kijana wangu hapo na panga, anapunguza machipukizi, anaacha yale yamenyooka.

"Mara ya pili hata hupandi," akaniambia, amefurahi.

"Ng'oa visiki."

"Mama, wewe chuma chai."

Sasa maji naletewa na mtu wa pikipiki, kwa mitungi ya plastiki, na yananuka mafuta. Mjukuu hupiga simu Jumapili nikitoka kanisani.

"Kogo, maji yamerudi?"

Namwambia amuulize baba yake. Hajawahi kumuuliza.