Safari Fupi ya Kikuyu Hadi Limuru

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Usafiri alinipa karatasi na kalamu, akaniambia nipange safari ya gari moja kutoka Kikuyu hadi Limuru. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha ukarani, nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu, ambaye ndiye aliyenipokea Kawangware. Miji hiyo miwili niliijua. Iko karibu hivi kwamba mtu anaweza kwenda kunywa chai ya saa nne Limuru na arudi Kikuyu kabla ya chakula cha mchana. Nikaandika: "Ondoka saa mbili. Fika saa mbili na nusu." Nikampelekea nikiwa na furaha.

Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyeendesha malori ujanani hadi mgongo ukamkataa. Alisoma mstari wangu mmoja akaniangalia.

"Inapitia barabara gani?"

"Ile kubwa, ya Nakuru."

"Inabeba nini?"

Sikuwa nimeuliza.

"Nani anaipokea huko? Ako na simu? Dereva amelala vizuri? Na lori ikianguka pale Muguga barabara ifungwe, dereva afanye nini? Alie?"

Akavuta kiti, akaketi karibu nami.

"Sikiza msichana. Mtu wa kwenda Mombasa anaangalia gari yake siku mbili. Mtu wa kwenda hapa karibu haangalii hata taili. Ndiyo maana hizi safari fupi zinatumaliza."

Siku hiyo niliandika karatasi ile mara nne.

Shirika lililoniajiri sitalitaja. Lilikuwa na zahanati ndogo Kibera, Kawangware, Kikuyu na Limuru, na yadi ya magari Riruta, nyuma ya mabati ya buluu. Magari yalikuwa manne. Yalibeba dawa, chanjo kwenye masanduku ya barafu, mitungi ya oksijeni, wakati mwingine mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna gari linalotoka pale langoni bila karatasi ya safari.

Vijana wa siku hizi wana simu inayowaonyesha barabara yote kwa rangi, wanadhani kupanga safari ni kujua njia. Njia ndiyo sehemu rahisi. Karatasi yetu ilianza na mzigo, kwa sababu mzigo ndio unaokuambia kama kuna haraka ya kweli au ni haraka ya mtu. Kisha saa ya kuondoka. Kati ya Kikuyu na Limuru barabara inapanda, na kule juu baridi huleta ukungu, hasa miezi ya Juni na Julai, ukungu mzito hivi kwamba huwezi kuona boneti ya gari lako. Basi kabla ya kuandika saa nilimpigia simu mlinzi wa zahanati ya Limuru nikamuuliza anaona nini akisimama mlangoni. Akisema anaona mti wa ng'ambo ya barabara, gari linaondoka. Asipouona, tunangoja. Baada ya hapo taa, breki, taili na spea, na zile pembetatu nyekundu za kuwekwa barabarani gari likiharibika, ambazo madereva wetu wanaziita laifseva. Mwisho, mstari ambao mzee alikuwa mkali nao kuliko yote: mahali pa kugeukia. Hata safari iwe ya dakika ishirini, lazima uandike ni wapi dereva atasimama ajiulize kama aendelee au arudi. Kwa safari ya Limuru tuliandika Rironi.

"Dereva akiwa barabarani anaona aibu kurudi," mzee aliniambia. "Wewe mwandikie ruhusa ya kurudi, ndiyo asione aibu."

Baada ya miaka mitatu pale Riruta nilihamishiwa Kibera, kwenye zahanati iliyokuwa upande wa Nyayo Highrise, kusimamia gari la hapo. Wakati huo nilikuwa nimemzaa Kioko, na kila mtu akaniita Mama Kioko. Dereva wangu alikuwa Wycliffe, mtu wa Kakamega, mfupi, mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao hapo Kibera. Alikaa chumba kimoja na mkewe, Mama Brayo, fundi wa cherehani, na mtoto wao mdogo Brayo. Wycliffe alikuwa na tabia ya kufuta taa za gari kwa leso yake mwenyewe kabla ya kwenda popote. Asubuhi alikuwa akichungulia dirishani kwangu.

"Niaje Mama Kioko. Leo umenipangia wapi?"

Nilimpa karatasi, akaisoma yote akitembeza kidole, akaikunja, akaichomeka juu ya kioo cha gari. Madereva wengine waliitia sahihi bila kusoma. Yeye aliisoma hata kama ni ileile ya jana. Tulifanya kazi hivyo miaka sita, na katika miaka hiyo sikuwahi kulala nikiwa na wasiwasi juu yake.

Mzee alipostaafu nilirudishwa Riruta kukalia kiti chake. Nikaomba Wycliffe aje nami, nikakubaliwa. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Msimamizi wa Usafiri pale, na sitaficha, nilijivunia. Juu yangu aliletwa Meneja wa Operesheni, mtu mwenye shahada mbili na viatu vinavyong'aa, ambaye hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu. Mara nyingi aliniambia karatasi zangu zinachelewesha kazi.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Julai, mwaka wangu wa saba kwenye kiti hicho. Wageni wakubwa, wafadhili wa shirika, walikuwa wafike zahanati ya Limuru saa nne. Wycliffe alikuwa ametoka Riruta mapema kupeleka dawa Kikuyu, kwa karatasi niliyoijaza vizuri. Alipofika, Meneja akagundua kwamba bango la kuwakaribisha wageni limebaki kwenye stoo ya Kikuyu. Akaja ofisini kwangu akiwa na simu mkononi.

"Mwambie Wycliffe achukue banner apeleke Limuru saa hii."

"Wacha kwanza niulize hali ya juu," nikasema. Nikampigia mlinzi. Akaniambia, "Mama, leo hata geti sioni. Nimesimama hapa kwa geti na siioni."

Nikamweleza Meneja kwamba tungoje saa moja hivi, jua litapasua.

"Saa moja? Wageni watapata ukuta mtupu? Mama Kioko, ni kilomita ngapi kutoka Kikuyu? Hiyo ni safari ama ni kuvuka barabara?"

"Ni ukungu, bwana Meneja."

"Kila mtu anaendesha kwa hiyo ukungu. Piga simu."

Alisimama palepale mezani kwangu, akingoja. Nami nikapiga.

Wycliffe alishika mara moja. Nikamwambia achukue bango apeleke Limuru. Akauliza, "Huko juu kukoje?"

Nikamwangalia Meneja. Nikasema, "Kuna ukungu kidogo. Enda polepole."

"Na karatasi?"

"Nitajaza ukishafika."

"Sawa Mama Kioko. Kama umesema."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakusema kwa kinyongo. Alisema kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai.

Nusu saa ikapita, kisha dakika arobaini. Mlinzi wa Limuru akanipigia. "Mama, gari haijafika, na watu wanasema kuna ajali hapo chini." Nilikuwa bado nimeshika simu ilipoita tena, na jina kwenye kioo lilikuwa Wycliffe. Nikapokea nikiwa tayari kumgombeza kwa kunitia hofu.

Sauti ilikuwa ya mtu nisiyemjua. Akaniuliza mwenye simu hii ni nani wangu.

Trela lilikuwa limeharibika mbele kidogo, ukishapita Rironi, likaachwa katikati ya njia. Halikuwekewa laifseva, wala yale matawi ambayo madereva hukata na kuyatandaza barabarani kuwaonya wenzao. Wycliffe hakuwa akikimbia. Askari aliniambia hivyo mwenyewe. Aliliona akiwa ameshalifikia. Bango lilikutwa nyuma ya kiti, limekunjwa, halina hata mkunjo mbaya.

Alasiri hiyo Meneja aliniita, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na ninalisema hilo kwa sababu ni kweli. Mbele yake alikuwa ameweka karatasi ya safari tupu.

"Wataitisha hii. Bima, polisi, ofisi kuu. Jaza."

"Nijaze nini?"

"Kwamba aliagizwa angoje Rironi mpaka ukungu uishe. Kwamba aliendelea mwenyewe."

"Lakini sikumwambia hivyo."

"Wycliffe hawezi kufutwa kazi, Mama Kioko. Wewe unaweza."

Kioko alikuwa kidato cha pili. Baba yake alikuwa amekwisha kutuacha. Nilikaa na kalamu ile kwa muda ambao sikuupima, kisha nikaandika. Niliandika vizuri, mzigo, saa, taa, breki, kama nilivyofundishwa. Kwenye mstari wa mahali pa kugeukia nikaandika Rironi, na chini yake: "Dereva ameagizwa kungoja hapa." Halafu nikatia sahihi.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kakamega, kulikuwa na ibada kanisani kwao Kibera. Kwaya iliimba, na kila mtu alisikia pengo pale besi ilipotakiwa kuingia. Barua ya rambirambi kutoka shirika ilisomwa. Ilimsifu, kisha ikasema ajali ilitokea "licha ya maagizo ya wazi aliyopewa." Niliona kichwa cha Mama Brayo kikiinuka. Aligeuka kunitafuta kwa macho, kwa kuwa alijua maagizo hutoka kwangu. Nikatazama viatu vyangu.

Bima ilikataa kuilipa familia, kwa sababu eti dereva alikaidi. Lakini kilichonitesa zaidi kilikuwa kingine. Nilipokuwa nikipita Kibera kikazi nilimsikia Mama Brayo akiwaambia wateja wake, mguu ukikanyaga cherehani: "Mzee wangu aliambiwa angoje. Angengoja angekuwa hapa. Lakini mwanaume na kichwa ngumu!" Alilisema mara nyingi, miaka mingi. Brayo alikua akisikia hivyo. Mimi nilikuwa nikisalimia na kupita.

Niliendelea na kazi miaka tisa baada ya hapo. Meneja alihamia shirika lingine. Niliwafundisha makarani wapya kujaza karatasi, nikawa mkali kuliko mzee aliyenifundisha, na watu walinisifu kwamba chini yangu hakuna gari lililopata ajali tena. Waliposema hivyo niliondoka chumbani.

Wiki moja baada ya kustaafu nilikwenda Kibera. Nilimkuta Mama Brayo kwenye kibanda chake akishona sare ya shule. Akanikaribisha kiti, akataka kumtuma mtu chai. Nikamwambia asitume. Nikamweleza yote: bango, ukungu, mlinzi, Meneja, simu, karatasi. Sikumbandikia Meneja kosa langu. Nilimwambia ni mimi niliyejua na ni mimi niliyeandika.

Mwanzoni aliendelea kushona. Kisha gurudumu likasimama.

"Yeye alisema nini?"

"Alisema, 'Sawa Mama Kioko. Kama umesema.'"

Akashika kile kitambaa kwa mikono miwili. Hakulia.

"Miaka hii yote," akasema, "nimekuwa nikigombana na marehemu. Nikienda kulala namgombeza. Mtoto wake nimemwambia, usiwe kama babako." Akaninyooshea daftari lake la vipimo na kalamu. "Andika. Andika yote, utie sahihi. Brayo asome."

Niliandika kurasa mbili. Nilimwambia nakala nyingine nitaipeleka ofisi kuu, na kweli niliipeleka. Waliipiga mhuri wa kupokelewa. Hadi leo sijajibiwa.

Alisoma kurasa zile polepole, akazikunja, akasema, "Sasa enda. Na usirudi hapa kwangu."

Sijarudi. Niko Kawangware, chumba kilekile alichonipokea dada yangu, magoti yananiuma asubuhi. Vijana wa yadi hunijia wakati mwingine kuniuliza habari za kazi, nami huwaeleza yaliyo kwenye karatasi, moja baada ya jingine. Wakiniuliza kama mtu anaweza kumkatalia mkubwa wake, huwaambia anaweza, na kwamba itamgharimu, na kwamba mimi nilichagua gharama ile nyingine, ya kutii, na sijamaliza kuilipa. Wengine huitikia kwa kichwa. Sijui kama wanasikia.

Mwaka huu kanisa lao lilifanya ibada ya kuwakumbuka wanakwaya waliotangulia. Nilikwenda, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Jina la Wycliffe lilipotajwa, Mama Brayo alisimama. Brayo, mwanaume mzima sasa, alisimama kando yake.

"Mume wangu alikuwa dereva," akasema. "Alienda mahali alipoambiwa aende."

Hakutaja ni nani aliyemwambia. Watu wote wakasema amina.