Kiti cha Chubwi

Mdogo wangu alikaa juu ya ndoo miaka kumi na tisa. Ndoo ya rangi, imegeuzwa kifudifudi, karibu na mlango wa duka la vifaa vya uvuvi. Duka hilo limepakana na chumba changu cha kushonea, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimepinda. Mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwambia afya. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nimesikia vibaya.

Kazi yake ni kutengeneza mashine za kukunjia mshipi, zile zinazofungwa kwenye fimbo za kuvulia za watu wenye nafasi. Mchanga umeingia, springi imekatika, mpini umelegea, wanamletea. Anazifungua, anazisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, anapanga vyuma vidogo juu ya gazeti, na ole wako upite karibu na upepo wa gauni lako. Maneno hana. Ndiyo maana walimwita Chubwi, kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili uzame. Kinashuka kimya, na hakuna anayekikumbuka. Jina halikumuudhi yeye, liliniudhi mimi.

Kila Jumamosi mchana dukani kulikuwa na kikao. Viti saba vya plastiki, watu saba. Si wavuvi wa kutafuta riziki, hata kidogo. Ni watu wenye kazi zao wiki nzima, wanaovua na kuwinda kwa raha zao, halafu wanakuja kusimuliana. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya daktari wa meno. Wa pili ni bwana mmoja wa bima waliyemwita Bunduki, kwa ajili ya kuwinda kanga. Wa tatu mwenye duka. Waliobaki walikuwa wa kucheka tu.

Walikuwa na kanuni yao. Ukisimulia, lazima utaje vitu vitatu: mahali, chambo na saa. Ukikosa kimoja wanapiga meza, wanapaza sauti wote, "Hewa!" Maana yake umesimulia upepo, na unanyang'anywa kiti, unasimama mpaka mwisho wa kikao. Nimezisikia hizo "hewa" mpaka nimeziota. Bunduki aliwahi kuangusha kanga wawili kwa risasi moja, wakamwambia hewa. Mwezi uliofuata kanga walishakuwa watatu. Daktari yeye kila alichovua alikivua "upande wa daraja." Nilikuwa najiuliza, daraja hilo lina nini, mbona mimi nikipita naona chupa tupu na viatu vya mguu mmoja?

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza kutoka kwenye ndoo yake, mikono ina mafuta. Nyumbani anaishi kwangu, chumba cha uani. Hakuoa. Watu waliniuliza sana, mbona mdogo wako haoi, na mimi nikawa najibu kwamba bado anatafuta. Uongo mtupu. Alikuwa na samaki.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pana mambo. Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha matofali, kile kilichofungwa sisi tukiwa watoto. Walipokuwa wanachimba udongo waliacha mashimo, mashimo yakajaa maji, watu wakasahau. Baba alimfundisha kuvua pale, kwenye shimo la tatu, penye pampu iliyokufa. Mwaka tuliomzika baba, mdogo wangu alikwenda peke yake akamvua kambare. Alipokuwa anaitoa ndoana kwa koleo, mkono ulimtetemeka, akauchana mdomo wa samaki upande wa kushoto. Akamwonea huruma, akamrudisha majini.

Tangu hapo akawa anamvua na kumwachia. Kwa miaka kumi na miwili alimshika mara tano. Alikuwa na fimbo ya mpera, kila akimshika anampima na kuikata fimbo alama. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya goti langu. Ya tano ilinifika kifuani. Alikuwa akiniambia mimi tu, anakuja na suruali imelowa mpaka mapajani, anasema, "Dada, nimemwona mwenzangu." Basi siku hiyo atakula vizuri na atafagia uwanja bila kuambiwa. Chambo chake nilikuwa nampa mimi: vile vipande vya sabuni ya mche ninavyochorea vitambaa, vikishakuwa vidogo havishikiki. Kambare yule alikuwa anapenda sabuni. Sijui kwa nini, muulizeni yeye.

Sasa, Jumamosi moja daktari alikuwa amekuja kuchukua mashine yake. Nikamsikia anasema, na kicheko kimeshaanza kabla hajamaliza, "Chubwi, wewe unatutengenezea vyombo miaka yote hii. Hebu niambie ukweli, umewahi kushika hata dagaa?"

Duka zima likacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Hicho kicheko chake ndicho kilichonichoma.

Alipokuja kula jioni, sahani hata sikumwekea kwanza. Nilimwambia, "Wewe ni mwanaume wa aina gani? Unachekwa na mtu anayevua chupa darajani! Waambie!"

"Ya nini, dada?"

"Ya nini? Wakujue! Mficha uchi hazai. Utakufa juu ya ndoo ya rangi, na kwenye mazishi watasema alikuwa anasafisha mashine vizuri."

Akajifuta mafuta mikononi. Halafu akasema, "Nikimsema atakuwa hadithi. Sasa hivi bado ni samaki."

Nikamwambia aache falsafa, ale. Mungu anisamehe. Wiki nzima nikamsumbua, asubuhi na jioni, kama inzi. Mimi ndiye niliyemsukuma, na sitamtupia mtu mwingine mzigo huu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimembeba mgongoni mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata akasema. Nilisimamisha cherehani ili nisikie. Alianza kwa sauti ndogo, mtu mmoja akamwambia, "Paza, Chubwi," akapaza. Na jamani, kumbe alikuwa anajua kusimulia! Aliwaambia habari ya koleo, ya mdomo uliochanika, ya fimbo yenye alama tano. Hakuongeza hata kidole kimoja. Kule ukutani kukawa kimya, na kwa watu wale ukimya ni kitu cha kuweka kwenye kalenda.

Kisha daktari akapiga meza. "Hewa! Kanuni ni kanuni. Mahali?"

Mdogo wangu akataja. Kiwanda cha zamani cha matofali, shimo la tatu, upande wa pampu.

"Chambo?"

"Sabuni ya mche."

"Saa?"

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijafika kwenye maji."

Hakuna aliyesema hewa. Nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, na mwenye duka akasema, "Kaa hapa, bwana." Jioni alikuja kwangu amesimama wima, miaka hiyo yote sikujua kwamba ni mrefu kiasi kile. "Dada," akasema, "wamenipa kiti." Nilimkumbatia. Nilijisifu kwa wateja wangu wote, hata kwa mama mmoja aliyekuja kupunguza sketi tu na hakuuliza kitu.

Alikalia kile kiti Jumamosi moja tu kabla daktari na wenzake hawajaja na gari.

Ilikuwa Jumamosi ya pili, saa nne. Nilisikia honi, nikasikia makelele, nikasikia daktari anaita, "Chubwi! Lete mizani!" Nikatoka nje na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Wanaume wanne walikuwa wanamshusha kambare kwenye turubai. Sijawahi kuona samaki mkubwa hivyo. Nilimtazama mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Upande wa kushoto ulikuwa umechanika, na kovu lilikuwa la zamani, limeota ngozi nyeusi.

Kila mtu aliliona. Mwenye duka aliguna, akatazama viatu vyake. Bunduki akawasha sigara. Mdogo wangu alitoka na mizani, akaipachika kwenye boriti ya kibaraza, akamning'iniza samaki, akangoja mshale utulie. Mkono haukutetemeka.

"Ishirini na tatu na nusu," akasema.

Mimi ndiye sikuweza kunyamaza. "Huyo si samaki wako, daktari! Unajua kabisa ni wa nani!"

Daktari hakukasirika hata. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huwezi kumtukana akasikia. "Dada yangu," akasema, "samaki hana hati ya kumiliki." Wakacheka. Kisha akaniambia kwa upole, kama anavyowaambia watoto kwenye kile kiti chake cha kung'olea meno, "Lakini bwana Chubwi tunamshukuru kwa kutuonyesha njia."

Nikafungua mdomo tena. Mdogo wangu akanishika kiwiko. "Dada, rudi kazini," akasema. Nikarudi. Niliharibu nguo mbili siku ile, na moja ilikuwa ya harusi.

Baada ya siku chache mwenye duka alikuja kutiwa kiraka kwenye begi, nikamkamata. Nikamuuliza, "Jirani, mnaona sawa? Mtu katii kanuni zenu, mkaenda kumwibia?"

Akajikuna kidevu. "Jirani, tatizo ni kwamba… hivi kuna mtu anayetaja mahali kwa kweli? Chambo, sawa. Saa, sawa. Lakini mahali! Kila mtu anasema tu upande wa daraja. Daktari hajavua darajani tangu azaliwe. Sisi tulidhani Chubwi anajua. Amekaa pale miaka kumi na tisa!"

Begi nilimshonea, na sindano niliivunjia humo humo.

Mashimo ya matofali hayakumaliza miezi miwili. Walikwenda na magari, walikwenda na marafiki wa marafiki, wengine na nyavu kabisa. Mdogo wangu alikwenda mara moja kuangalia. Alirudi mapema, suruali kavu. Ile fimbo ya mpera niliikuta imesimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamuuliza inafanya nini hapo, akasema itafaa kuchochea kuni.

Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa bado.

Daktari alikuwa amekihifadhi kichwa. Alitaka kikaushwe, kibandikwe kwenye ubao na kutundikwa dukani, na nani mwingine ana mkono mzuri kama Chubwi? Akamletea. Akamwonyesha kwa kidole, "Hapa mdomoni pameharibika. Parekebishe, ukipiga picha panaonekana vibaya." Hayo niliyasikia mwenyewe, ukutani.

Siku iliyofuata mdogo wangu aliingia kwangu na kichwa kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza yangu ya kukatia. Macho alishayaweka ya kioo. "Dada, una uzi mweusi wa ngozi?"

"Toa hicho kitu hapa."

"Nafanya kazi, dada."

"Na mimi nasema toa! Huna hata haya? Hilo kovu ndilo jambo pekee duniani linalosema ulimshika wewe. Ukilifunga, umebaki na nini?"

Alivuta kigoda, akakaa. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka tangu zamani, siku hiyo tu ndipo nilipoiona. "Ukikataa nitashona mwenyewe," akasema. "Na mimi sijui kushona. Atabaki mbaya. Sitaki abaki mbaya."

Nilishona mimi. Uzi mweusi, sindano ya ngozi iliyopinda, mishono midogo kwa ndani ili isionekane. Yeye alinishikia taa ya mezani na kuelekeza, hapa kaza, hapa legeza. Baadaye akapaka gundi na rangi. Ukiambiwa samaki yule aliwahi kuchanika, utaapa kwamba ni uongo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijamwonyesha mtu.

Walikitundika kwenye ukuta wetu huu huu wa mbao. Msumari umetokeza upande wangu, juu ya kioo cha wateja. Mama mmoja alinaswa nywele, nikaufunga kwa kitambaa.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, mwenyeji wake ni Bunduki. Nikamsikia anastaajabia kichwa, anauliza habari yake. Daktari akasema, "Chubwi, msimulie wewe. Wewe unajua kusimulia."

Mdogo wangu akasimulia. Alisimulia jinsi daktari alivyoamka, jinsi mshipi ulivyovutwa, jinsi walivyopigana na samaki nusu saa, na aliisimulia vizuri mpaka wale waliokuwepo wakawa wanaitikia kama hawajui mwisho. Mtu wa koleo hakuwemo. Fimbo haikuwemo.

Mgeni alikuwa ameshafundishwa kanuni. Akapiga meza kwa furaha. "Hewa! Mahali?"

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Upande wa daraja," akasema mdogo wangu.

Wakacheka wote, wakampiga mgongoni, na mtu mmoja akamsogezea kiti karibu na meza.