Mstari Kwenye Mguu

Binti yangu alizaliwa na mguu wa kushoto uliovimba, ngozi imejaa vilengelenge vidogo vinavyovuja maji. Daktari pale Kakamega alituambia ni mishipa ya maji ya mwili iliyojisokota tangu tumboni, si laana wala kosa la mtu. Kwenye mguu huo, alisema, mkwaruzo wowote ni mlango. Kisha akanipa biro. "Ukiona wekundu, uzungushie mstari. Wekundu ukivuka mstari, usingoje kesho."

Basi nikawa bawabu. Miwa imetuzunguka pande zote na majani yake hukata, kwa hiyo nilimvisha soksi ndefu, jua liwake, mvua inyeshe. Majirani walicheka kwamba nalea mzungu. Wacheke.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta ameketi kimya mbele ya ugali na kuku. Mtoto huyo hajawahi kukataa kuku. Nilipovuta soksi, harufu ya majivu ya dawa ilinifikia kabla sijaziona chale, safu nzima juu ya uvimbe. Mguu ulikuwa moto.

Nilimtazama mama mkwe, niliyemwachia mtoto. Hakukwepa macho yangu.

"Hii mguu imejaa damu mbaya," alisema. "Sisi tulikuwa tunachanjanga hivi, na watoto wanapona. Ni mjukuu wangu, siwezi mtakia mabaya."

Nilijua anampenda, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Adui ningemfukuza.

Nilichora mstari, nikaingia chumbani kuchukua leso na kadi ya kliniki. Bodaboda ilipopatikana, saa nzima baadaye, wekundu ulikuwa umeshavuka na mtoto anatetemeka. Tuliondoka, nimempakata. Bibi yake alibaki mlangoni ameshika soksi.

Alipona, baada ya sindano nyingi wadini. Daktari alionya kwamba ugonjwa huo hurudi. Bibi aliutupa wembe wake wa chale chooni bila kuambiwa, na tangu hapo yeye humkagua mguu asubuhi, miwani puani, nami jioni. Nikaanza kulala usingizi wa kweli.

Juzi binti alitoka shuleni, akakaa kwenye kochi bila kuomba chai. Alivua soksi, akaninyooshea mguu. Alikuwa amejichorea mstari kwa biro yake mwenyewe.

"Nilichora wakati wa hesabu, Mama," alisema. "Angalia."

Mstari ulikuwa kwenye kifundo. Wekundu ulikuwa umefika gotini.